Barua Isiyo na Salamu

Mwanakheri alipata habari ya kifo chake mwenyewe akiwa amesimama kwenye baraza la duka la kijiji, Nanganga, jembe begani. Aliyemsomea alikuwa Agapiti, karani wa duka, kwa ile sauti yake laini ya kumbembeleza kila mtu. Alipofika katikati ya barua akanyamaza, akakohoa, akaruka mistari kadhaa. Mwanakheri hakujua kusoma, lakini macho yanayoruka aliyajua. Akamwambia arudi kwenye mistari aliyoiruka. Agapiti akarudi, kwa sababu hakuwa mtu wa kumkatalia mtu kitu.

Barua ilitoka kwa Seifu, mwanawe wa pekee. Seifu alikwenda vitani Uganda na wanamgambo, vita vikaisha, yeye akachukuliwa moja kwa moja jeshini na sasa alikuwa kambini kule Kanda ya Ziwa. Alikuwa amewaandikia "wazee wote wa nyumbani". Alisema ameshaelewa kwamba mama yake hayupo tena, na kwamba hawalaumu kwa kumficha. Wenzake kambini walikuwa wamemchangia, marehemu akasomewa hitma siku ya Ijumaa na pilau ikaliwa. Hakuwa tena na cha kurudia Nanganga. Shamba la mikorosho alichukue mjomba wake, Seleman.

Mwanakheri aliliteremsha jembe.

"Wamekula pilau yangu," akasema, "na mimi hapa nimeshindia mhogo."

Watu waliokuwa wakingoja sabuni hawakujua wacheke au wampe pole.

Msimwone Seifu mjinga. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba. Ataambiwa mama anaumwa kidogo, njoo. Au ataambiwa mambo huku ni mazuri mno, usiwe na wasiwasi wowote, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Watu wanaogopa asije akaanguka njiani, asije akajidhuru akiwa peke yake ugenini. Basi mtoto wa kwetu akikaa mbali hujifunza kuzisikiliza barua kama anavyosikiliza mlango usiku. Zikianza kuwa tamu kuliko kawaida, huanza kulia.

Na barua za Agapiti zilikuwa tamu kupita kiasi.

Kwa muda wote Seifu aliokuwa mbali, Mwanakheri alikuwa anakwenda dukani, anasema, Agapiti anaandika. Alisema, mwambie mbona haandiki, ana mkono au ana kisiki? Agapiti akaitikia kwa kichwa, akaandika: "Mwanangu mpenzi, nuru ya macho yangu, nina hamu isiyo kifani ya kupata waraka wako." Alisema, mwambie paa linavuja na yeye ndiye aliyeliezeka ovyo. Agapiti akaandika kwamba mvua za mwaka huu ni za neema. Hakuwa anadanganya, masikini. Ndivyo alivyoumbwa. Hata sukari ikiisha dukani hakuwahi kutamka kwamba imeisha. Alisema inakuja, na watu wakaondoka wakitabasamu bila sukari. Mtu wa namna hiyo ukimpa kalamu, kalamu nayo itatabasamu.

Seifu kwa upande wake alilelewa na mwanamke ambaye tangu amwachishe ziwa hakuwahi kumwita mpenzi. Alimwita "we", na siku njema sana alimwita kwa jina. Akapokea nuru ya macho yangu ya kwanza, akashangaa. Akapokea ya pili. Ya tatu ilipofika, akanyoa nywele kama mfiwa.

Walijaribu kurekebisha. Agapiti aliandika siku ileile kwamba mama yu hai, mzima wa afya, anachanua kama waridi la asubuhi. Jibu lilikuwa fupi: "Kaka Agapiti, asante kwa moyo wako. Usijisumbue tena." Mpiga picha wa Nachingwea hakuwa na filamu mwaka ule, na hata angekuwa nayo, picha haisemi imepigwa lini. Mwanakheri akarudi dukani, akasimama mbele ya meza, akasema aandikiwe matusi. Alitaka mwanawe atukanwe neno kwa neno, kama anavyotukana yeye. Agapiti alitoka jasho. Aliandika, akafuta, akaandika, mwishowe akasoma kwa aibu: "Mwanangu mpenzi, kwa kweli wewe ni mpumbavu kidogo."

"Kidogo," Mwanakheri akasema. Akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaenda nayo kuwashia moto.

Siku hiyo ndipo aliposema ataandika mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kalamu hakuwahi kuishika ila kumwokotea mtu.

Madarasa ya kisomo yalifanyika alasiri katika shule ya msingi, na Mwalimu alikuwa Eustakio, kijana wa Bukoba aliyeletwa kusini na serikali. Alikuwa mtu safi, mwenye bidii, na tuseme ukweli, mwenye upendo kwa wanafunzi wake. Shati lake lilipigwa pasi ya mkaa kila siku. Chaki zake zilipangwa kwa urefu. Kabla ya kuandika neno lolote ubaoni alipiga mistari kwa rula, na kabla ya kupiga mistari aliufuta ubao ambao tayari ulikuwa safi. Kila andiko, alifundisha, lina utangulizi, kiini na hitimisho, na kabla ya kuliandika mtu anakaa chini, anatulia, anapanga.

Hapo sina ugomvi naye. Kwake yeye ilifaa. Kosa lake lilikuwa kudhani wote wameumbwa Bukoba, nyumba moja, na mama mmoja. Kwa Mwalimu Eustakio, mwandishi mzuri alikuwa mtu anayefanana na Mwalimu Eustakio.

Maana katika darasa lile kila mtu aliandika kama alivyokuwa. Dionisia, mwanamke mpole aliyekuja na wazazi wake kutoka Msumbiji, hakuweza kumkatiza mtu maneno, na sentensi zake nazo hakuweza kuzikatiza. Ziliendelea na "na", na tena "na", mpaka karatasi ikaisha. Linus, ambaye alikuwa haamini hata chenji anayopewa na ndugu yake, hakuliamini neno lake mwenyewe. Alilifuta kwa mpira, akaliandika tena vilevile, akalifuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu alimfupisha Dionisia na kumnyang'anya Linus mpira. Wote wawili wakatii, wakaandika vizuri, na ukichanganya karatasi zao usingejua ipi ya nani.

Mwanakheri hakutii. Herufi alizishika upesi kuliko wengi, kwa sababu hasira ni mwalimu naye, lakini kukaa chini na kupanga kulimshinda. Akikaa, maneno yalimkimbia. Yalimjia shambani, akiwa ameinama kwenye mbaazi, akigombana na Seifu kwa sauti kana kwamba amesimama tuta la pili. Majirani walianza kunong'ona kwamba mama huyu ameharibikiwa. Lilipomjia neno zuri, la kuuma, aliacha jembe palepale, akaenda jikoni na kuliandika ukutani kwa mkaa lisije likapoa. Ukuta wa jiko lake ulijaa. Mgeni aliyejua kusoma asingekubali kula pale.

Mwalimu alimwambia kwa heshima, "Mama Seifu, andika kwanza mpango, halafu barua." Mwanakheri akaandika barua kwanza, halafu, ili kumridhisha kijana wa watu, akaandika mpango baadaye na kuuweka juu. Mwalimu aligundua. Akamwambia hiyo ni kinyume. Mwanakheri akamjibu kwamba hata yeye alizaa kwanza ndipo akajua amezaa mtoto wa namna gani.

Mtihani wa taifa wa kisomo ulipokaribia, Mwalimu aliwapa zoezi: kila mmoja amwandikie ndugu yake wa kweli, na yeye atazipeleka barua zote posta ya Nachingwea, kwa stempu alizonunua kwa mshahara wake. Mwanakheri hakulala vizuri kwa furaha. Alisimama siku nzima mbele ya ukuta wake wa mkaa akichagua, akaandika, akampa.

Sasa sikilizeni wema unavyoweza kumwua mtu mara ya pili. Mwalimu alizisahihisha zile barua. Alipoona zimejaa wino mwekundu akazionea huruma, akazinakili upya zote kwa mwandiko wake mzuri, akazitia kwenye bahasha, akazifunga kwa gundi. Asubuhi ya safari, Dionisia alipita kwa Mwanakheri akielekea kisimani, akampongeza. Alikuwa amemkuta Mwalimu akinakili, akasomewa. Barua yako imekuwa nzuri, Mama Seifu, akasema, nilisikia machozi yananitoka: Mwanangu mpenzi, natumaini u mzima wa afya.

Mwanakheri aliuacha mchi ndani ya kinu.

Lori la korosho lilikuwa limesimama barabarani, limejaa magunia na abiria juu ya magunia, na Mwalimu alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya tairi. Mwanakheri alifika akihema, khanga imemlegea, akaukamata mkoba wa Mwalimu. Hakuomba. Alisema tu anataka bahasha yake.

Mwalimu alishuka. Mbele ya watu wote hakutaka aibu, akajaribu kueleza kwa upole kwamba ile barua yake ya awali haikuwa na salamu, haikuwa na utangulizi, ilianza kwa swali la kugomba, na kwamba mtoto aliye jeshini angeumia.

"Barua bila salamu ni matusi, Mama Seifu."

"Ndiyo maana."

"Mimi nimekusaidia tu."

"Agapiti naye alinisaidia," Mwanakheri akasema. "Mmenisaidia mpaka nimesomewa hitma. Basi sasa niacheni nijifufue mwenyewe."

Mzee mmoja juu ya magunia aliguna. Dereva akazima injini, na dereva wa lori kuzima injini asubuhi si jambo dogo. Mwalimu alikuwa amekunja uso kama mtu aliyepigwa na mtoto wake. Akatoa bahasha. Mwanakheri akaichana na barua yake ndani, akamwomba karatasi nyingine, bahasha na kalamu. Mwalimu akampa vyote, na kwa mazoea akaanza kutafuta mahali atakapokaa.

Mwanakheri hakukaa. Aliweka karatasi juu ya gunia la korosho lililokuwa ukingoni, akaandika amesimama, akijisomea kwa sauti kila neno lilipotoka, na kila mtu aliyekuwa pale akasikia. Karatasi ilibonyea kwa kila korosho iliyokuwa chini yake. Mistari ilipanda, ikashuka, ikagongana.

"Seifu. Hitma umenisomea kwa ruhusa ya nani? Sijafa. Nikifa utaambiwa, si ujiambie mwenyewe. Ile pilau waambie wenzako wailipe, hata kwa kuni. Mjomba wako usimpe mikorosho yangu, mvivu yule, hata nikifa usimpe. Paa linavuja ulipoezeka wewe. Una mkono au una kisiki? Andika. Mimi Mwanakheri. Unanijua."

Mjomba Seleman alikuwa mmoja wa abiria. Alitazama upande wa pili.

Mwanakheri aliikunja, akaitia kwenye bahasha mpya, akaifunga kwa mate yake. Akamkabidhi Mwalimu, akamtazama mpaka akaitia mkobani. Kisha akamwambia, bila ukali sasa, kwamba akimwongezea hata nukta moja, hatamsamehe. Mwalimu akasema hataongeza. Lori likaondoka, naye Mwanakheri akarudi kwenye kinu chake.

Mtihani ulifanyika barua ikiwa bado njiani. Karatasi iliwataka wamwandikie ndugu kumweleza maendeleo ya kijiji. Mwalimu, ambaye angetaka darasa lake zima lifaulu, alimfuata Mwanakheri mlangoni akamsihi, akasema leo tu, mama, weka salamu, weka utangulizi, kesho urudie mambo yako. Mwanakheri alimwonea huruma kweli. Alikaa, akajaribu. Aliandika "Ndugu mpenzi" akayatazama maneno yale, akamwona Agapiti, akaona sufuria la pilau kambini. Akayakata. Akaandika: "Ndugu, maendeleo njoo uyaone kwa macho yako. Shule ipo. Pampu imeharibika na anayesema imetengenezwa ni mwongo." Akatoka wa kwanza.

Matokeo yaliporudi, Dionisia na Linus walipata vyeti vya hatua ya nne, wakapigiwa vigelegele. Mwanakheri alibakishwa hatua ya tatu. Alipiga vigelegele kama wengine, akarudi nyumbani, na huko hakujifanya kwamba haikumuuma. Ilimuuma. Alikitaka kile cheti akibandike juu ya mkaa wake jikoni. Lakini kila alipojiuliza kama angeirudia ile karatasi angeandika nini, alijikuta anaandika yaleyale, na zaidi kidogo kuhusu pampu.

Jibu la Seifu lilifika mbaazi zilipoanza kukauka. Agapiti aliiona bahasha, akaifuta vumbi, akanyoosha mkono tayari kuifungua kama siku zote. Mwanakheri aliichukua kutoka mkononi mwake. Akaketi kwenye ngazi ya duka, akasoma mwenyewe, kidole chini ya neno, midomo ikicheza, na waliokuwa wakingoja chumvi wakamngoja yeye.

"Mama. Matusi yako yamefika. Barua niliisoma bwenini mbele ya wale waliokula pilau. Mmoja akauliza kama mama huyu anaweza kufika mpaka huku. Mimi nililia, sikujificha. Mtu wa kunificha msiba asingethubutu kuandika vile. Mjomba simpi kitu. Mkono ninao. Likizo nimepata, nakuja msimu wa korosho. Paa nitaliangalia, lakini sikuliezeka vibaya. Seifu."

Akaisoma mara ya pili. Hapo machozi yakamtoka mbele ya watu, bila kuyafuta, mwanamke ambaye hata mumewe alipozikwa alikuwa akiwaelekeza wachimba kaburi. Agapiti naye alikuwa akilia tayari. Yeye hakuhitaji sababu kubwa.

Mwalimu Eustakio alikuwa amekuja kununua viberiti. Mwanakheri akampa barua aisome. Aliisoma, na mkono wake ukaenda wenyewe mfukoni kwenye kalamu nyekundu, ukaishika, ukaiachia.

"Hana hata salamu," akasema.

"Kazaliwa na nani?"

Mwalimu akacheka, lakini hakuwa amekubali. Alibaki palepale akieleza kwamba mtu anaweza kuwa na hasira na bado akaanza na salamu, kwamba yeye mwenyewe humwandikia mama yake kurasa mbili za salamu kabla ya kufika kwenye jambo, na mama yake hufurahi. Mwanakheri akamwambia ni kweli, na asiache, kwa sababu mama yake akipokea barua fupi atadhani kijana amekufa.

Kisha Mwanakheri akaomba karatasi. Safari hii hakuwa na hasira ya kumsukuma, na ilimwia vigumu. Alisimama kwenye meza ya duka, akaizunguka, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Alikuwa na kitu kikubwa kifuani na hakukijua jina. Agapiti, kwa mbali, alimnong'oneza neno au mawili ya kumfaa. Nuru ya macho yangu ilikuwa mojawapo. Mwanakheri akatikisa kichwa. Mwishowe aliandika:

"Seifu. Njoo. Ming'oko ya kukuchemshia nitaichimba porini siku utakayofika, si kabla, ikilala inakuwa migumu. Kitanda chako nimekisuka upya. Paa uliezeka vibaya."

Akampa Mwalimu aitazame, kwa hiari yake, mara ya kwanza. Mwalimu aliisoma hadi mwisho, akarudi juu, akarudi chini. Akasema ni nzuri. Akasema angeongeza kitu kimoja tu, mwishoni kabisa, mahali penye nafasi, maneno machache: mama yako akupendaye.

Mwanakheri aliichukua karatasi, akaikunja.

"Anajua," akasema, akalamba bahasha.